Mshono wa Mshipa na Wanagenzi Wake

Figo ikiisha kutolewa mwilini mwa mtoaji, ikasafishwa damu yake kwa maji maalumu ya baridi na kulazwa juu ya barafu, kazi imngojayo mpasuaji wa mgonjwa ni kuunga mahali patatu tu: vena ya figo na vena kubwa ya nyonga, ateri ya figo na ateri ya nyonga, kisha mrija wa mkojo na kibofu. Figo mbovu za mgonjwa aghalabu huachwa mahali pake, na ile ya ugeni huwekwa chini, ubavuni mwa kibofu. Kwa kusimulia ni kazi fupi. Kwa kutenda ni kazi ambayo mshono mmoja uliolegea huvujisha damu, na mshono mmoja uliokazwa kupita kiasi hubana njia, damu ikaganda, na zawadi aliyoitoa ndugu kwa ndugu ikafa kabla ya jua kuchwa. Maadam hapana fundi duniani ambaye hakupata kushona vibaya kabla ya kushona vizuri, suala lililowasumbua mabingwa wa sanaa hii tangu ilipozaliwa, na ambalo roboti imelifufua badala ya kulizika, ni hili: mwanagenzi atajifunzia wapi mishono yake mibaya?

Jawabu la kwanza lilipatikana nje ya hospitali. Mwezi wa Juni mwaka 1894 rais wa Ufaransa, Sadi Carnot, alichomwa kisu ndani ya gari lake la farasi katika mji wa Lyon, na kisu kile kikaukata mshipa mkubwa uendao kwenye ini. Wapasuaji mashuhuri wa mji wakamzunguka, lakini elimu yao ilikuwa haijafika mahali pa kuuziba mshipa wa namna ile, na kabla ya kupambazuka rais alikuwa maiti. Kijana mmoja wa utabibu katika mji huo, Alexis Carrel, ambaye alikuwa na umri wa miaka 20, hakuridhika na kushindwa huko, naye alishikilia kwamba mshipa ungeweza kushonwa lau angetokea mtu aliyejua kushona. Lyon ulikuwa mji wa hariri, na wadarizi wake walisifika Ufaransa nzima. Carrel akaenda kwa mmoja wao, Bibi Leroudier, kujifunza namna ya kuishika sindano nyembamba na kuuongoza uzi ambao jicho huupata kwa taabu. Sina haja ya kumweleza msomaji wa pwani, aliyekulia miongoni mwa washona kofia za viua, kwa nini somo hilo halikupatikana kwa maprofesa. Sindano na uzi Carrel alizipaka vaselini ili zipite bila kuuchana utando wa ndani, na mwaka 1902 akaitangaza njia yake: mdomo wa mshipa, ambao kwa tabia ni mviringo wenye kunywea, huvutwa kwa nyuzi tatu zilizoachana sawasawa mpaka uwe pembetatu, kisha upande mmoja baada ya mwingine ukashonwa kwa mstari ulionyooka. Kila upandikizaji wa figo uliofanyika tangu siku hizo hata leo una deni kwa pembetatu hiyo.

Baada ya hapo mishono mibaya ilihamia kwa wanyama. Mwaka ule ule wa 1902 Emerich Ullmann wa Vienna aliihamisha figo ya mbwa mpaka shingoni mwa mbwa yule yule, nayo ikatoa mkojo mbele ya madaktari walioalikwa kushuhudia. Mathieu Jaboulay, mwalimu wa Lyon, alithubutu mwaka 1906 kuwaunga wagonjwa wawili na figo za nguruwe na mbuzi, na zote zikafa upesi. Carrel mwenyewe alivuka bahari, akafanya kazi Chicago pamoja na Charles Guthrie, kisha akahamia New York, akahamisha figo za mbwa na paka kwa mamia ya majaribio mpaka alipopewa tunzo ya Nobel mwaka 1912. Jambo alilolitambua, na ambalo lilimtia simanzi, ni kwamba mshono wake ulikuwa mzima ilhali figo iliyotoka kwa mnyama mwingine ilikufa baada ya siku chache, kwa sababu ambayo sindano haikuwa na tadbiri nayo. Mkono ulikuwa umetangulia mbele ya maarifa kwa miaka hamsini. (Kwa uadilifu wa tarehe sharti isemwe pia kwamba mtu huyu, aliyeushona mshipa kwa upole kiasi hicho, aliandika mwaka 1935 kitabu chenye rai za kuogofya juu ya kuwaua wahalifu kwa gesi, na kwamba ustadi wa vidole haukupata kuwa dhamana ya moyo.)

Miaka hamsini hiyo ilikwisha Boston. Joseph Murray, aliyejifunza tabia za ngozi ya kupandikiza alipokuwa akiwatibu askari walioungua katika Vita Kuu ya Pili, alikaa miaka kadhaa katika maabara ya hospitali ya Peter Bent Brigham akihamisha figo za mbwa, mpaka akapata mahali pa kuiweka figo na namna ya kuunga mrija wake kwenye kibofu. Wapasuaji wa Paris, René Küss miongoni mwao, walikuwa wamekwisha kuonyesha mwaka 1951 kwamba nyonga ndipo mahali pake. Wakati Richard Herrick alipoletwa hospitalini akiwa taabani, pamoja na pacha wake Ronald aliyefanana naye kwa kila hali, Murray hakuuamini mkono wake kwa tajiriba ya mbwa peke yake. Siku chache kabla ya kazi yenyewe aliirudia hatua kwa hatua juu ya maiti, apate kujua kama mishipa ya mwanadamu ina nafasi aliyoidhania. Tarehe 23 Desemba 1954 Hartwell Harrison aliitoa figo ya Ronald, Murray akaiunga kwa Richard, na kwa kuwa mwili wa pacha haukuiona figo ile kuwa ya mgeni, Richard aliishi miaka minane mingine. Dawa za kuutuliza mwili usiikatae figo ya mtu baki zilikuja katika miaka ya 1960, na bora kuliko hizo katika miaka ya 1980, na hapo kazi iliyokuwa muujiza ikawa kazi ya kila wiki katika miji mikubwa ya dunia.

Kazi ya kila wiki huhitaji watu wengi wa kuifanya, na ndipo ukazuka uanagenzi wenye kaida. Kijana alisimama ng'ambo ya meza akiwa ameshika vivuta-jeraha kwa saa nyingi; akapewa kukata nyuzi; akapewa kushona ngozi, kisha kibofu; na siku mwalimu alipopendezwa, akapewa nusu ya vena, upande ulio karibu naye, hali mwalimu ameushika uzi kwa upande wa pili akiuvuta kiasi cha kumwonyesha ukazaji ulio sawa. Katika jeraha lililo wazi, lenye urefu wa shubiri moja hivi, mikono minne huingia pamoja, na sehemu kubwa ya elimu hupita pasipo neno: mwanagenzi huuhisi mdundo wa ateri chini ya kidole, hujua kwa kugusa kama ukuta wa mshipa ni laini au umefanywa mgumu na maradhi ya sukari, na mwalimu akiona hatari huusogeza mkono wa mwanafunzi kwa kiwiko chake. Uanagenzi huu ulikuwa mkali, na pengine wa dhuluma kwa vijana, lakini ulikuwa na fadhila moja, kwamba kosa lilizuiwa na mkono wa pili kabla halijatimia.

Fadhila hiyo ndiyo iliyotiwa mashakani pale upasuaji ulipoanza kupita katika matundu. Mwaka 1995, mjini Baltimore, Lloyd Ratner na Louis Kavoussi walitoa figo ya mtoaji aliye hai kwa kamera na ala ndefu zilizopenyezwa katika matundu madogo, na watoaji, ambao hapo kabla walirudi nyumbani na kovu kubwa la ubavu, wakaanza kutoka hospitalini baada ya siku chache. Mpokeaji, ambaye kati ya wawili hao ndiye mgonjwa, aliendelea kupasuliwa kwa jeraha lile lile la miaka ya 1950, kwa sababu ala zile ndefu zilikuwa hazina kifundo. Kukata na kuchomoa ziliweza, lakini kushona mshipa mwembamba ndani ya tumbo kwa fimbo isiyopinda ni kazi ambayo mabingwa wachache mno, kama Antonio Rosales wa Barcelona na Pranjal Modi wa Ahmedabad, waliimudu, na wengine wote wakainua mikono.

Kifundo kililetwa na roboti. Chombo hiki kilitokana na utafiti uliogharimiwa na jeshi la Marekani, lililotaka mpasuaji aliye mbali na mapigano aweze kumtibu askari aliye vitani. Vita havikukipata, lakini hospitali zilikipata, na mwaka 2000 mashine iitwayo da Vinci iliidhinishwa Marekani kwa upasuaji wa tumbo. Haifanyi lolote kwa hiari yake. Mpasuaji hukaa kitini hatua chache kutoka kwa mgonjwa, hutia macho katika darubini yenye kumpa picha iliyokuzwa na yenye kina, huvika vidole vyake katika pete, na kila mwendo wa vidole hivyo hupelekwa kwa ala zilizomo tumboni, umepunguzwa ukubwa na kuondolewa mtetemo. Mwaka uliofuata Jacques Marescaux, akiwa New York, alikitoa kifuko cha nyongo cha mgonjwa aliyelala Strasbourg, kwa roboti ya kampuni nyingine, akaiita kazi hiyo kwa jina la Lindbergh, rubani aliyeruka peke yake kutoka New York mpaka Paris mwaka 1927. Ni wachache waliokumbuka siku ile kwamba Lindbergh huyo huyo alifanya kazi katika maabara ya Carrel katika miaka ya 1930, akamtengenezea pampu ya kioo ya kuhuisha viungo vilivyotolewa mwilini.

Figo ya kwanza kuungwa kwa roboti ilikuwa Créteil, karibu na Paris, na András Hoznek na wenzake waliitangaza mwaka 2002. Jeraha lilikuwa wazi kama kawaida, na roboti iliazimwa hasa kwa ajili ya kushona. Mtu anaweza kuuliza faida yake ilikuwa nini, na kwa mgonjwa yule haikuwa kubwa. Faida ilidhihirika Chicago mwaka 2009, wakati Pier Cristoforo Giulianotti alipompandikiza figo mgonjwa mnene kupita kiasi kwa matundu na kitobo kidogo cha katikati ya tumbo. Watu wa namna hiyo hospitali nyingi huwakataa, maana jeraha la nyonga katika mafuta mengi huoza upesi, na mwili uliotulizwa kwa dawa hauna nguvu ya kujitetea. Kwao roboti ilikuwa tofauti baina ya kupata figo na kufa wakiwa katika mashine ya kusafishia damu.

Lakini masimulizi ya uanagenzi yanamtaka mwandishi akae zaidi Detroit na Gurgaon, kwa kuwa hapo, kwa mara ya kwanza katika tarehe yote hii, njia ya kujifunza ilipangwa kabla ya kazi yenyewe. Mani Menon, mzaliwa wa India aliyeifanya hospitali ya Henry Ford ya Detroit kuwa chuo kikuu cha roboti za tezi la kiume, aliungana na Rajesh Ahlawat wa hospitali ya Medanta ya Gurgaon, nje ya Delhi, na Modi wa Ahmedabad akiwa pamoja nao. Detroit ilikuwa na mikono iliyozoea roboti, na India ilikuwa na wagonjwa wengi wenye ndugu waliokuwa tayari kutoa figo. Kila upande ulikuwa na kitu alichokikosa mwenzake. Walijua kwamba adui yao ni joto, kwani figo iliyowekwa tumboni hupata moto wa mwili wakati mpasuaji bado anashona, na kila dakika ya moto huipunguzia uhai. Basi wakaivika figo shashi iliyojazwa barafu iliyosagwa, wakaiingiza kwa kizibo cha jeli kilichofunika kitobo cha tumbo, na kuizungushia barafu nyingine ndani ya nyonga. Hayo yote hawakuyajaribu kwanza kwa mpokea figo. Namna ya kuipoza nyonga waliifanyia mazoezi kwa wagonjwa waliokuja kwa upasuaji wa tezi, na kazi nzima wakaiigiza juu ya maiti. Ndipo Januari 2013 wakaanza kwa walio hai, daraja baada ya daraja, kwa utaratibu ulioandikwa wa kuingiza upasuaji mpya, na wagonjwa 50 wa kwanza wakatolewa taarifa iliyosomwa dunia nzima.

Kilichonivutia zaidi katika taarifa zao ni michoro. Walimchora kila mgonjwa kwa nukta katika majedwali ya kudhibiti, dakika za kushona na hali ya figo siku zilizofuata, pamoja na mstari wa mpaka ambao nukta ikiuvuka kazi husimamishwa na sababu kutafutwa. Majedwali hayo hayakubuniwa na tabibu. Yalibuniwa mwaka 1924 na Walter Shewhart, mhandisi wa kampuni ya simu ya Marekani, ili kuchunguza vyombo vya simu vilivyotoka kiwandani. Zamani mwalimu alipima ukomavu wa mwanafunzi kwa kumtazama na kukunja au kukunjua uso. Hapa ukomavu ulipimwa kwa nukta, na mwalimu mwenyewe naye akapimwa. Naona jambo hilo ni kubwa kuliko roboti yenyewe, ingawa halipigwi picha.

Sasa tumtazame mwanagenzi wa leo kwa karibu. Huanza kwa mashine ya kuigiza, akihamisha pete katika vigingi visivyokuwepo, na mashine ikimpa alama kwa kila mgongano wa ala. Kisha hupewa mishipa ya mpira wa silikoni, au figo ya nguruwe, au nyonga ya plastiki iliyochapishwa kwa vipimo vya picha za mwili wa mtu. Aibu yake ya kwanza karibu kila mara ni kukata uzi. Roboti aliyofunziwa mpaka miaka ya karibuni haimrudishii hisi ya kugusa: akivuta, pete za vidoleni humwambia kwamba amevuta, hazimwambii kiasi gani, na uzi wa kawaida wa mishipa, ukibanwa na taya za chuma mara mbili tatu, huchanika na kukatika ghafla. Kwa sababu hiyo wengi wa mabingwa wameacha uzi huo na kuchukua ule wa Gore-Tex, unaostahimili kubanwa. Na kwa sababu hiyo pia mwanagenzi hufundishwa kuutazama ukuta wa mshipa jinsi unavyokunjamana na kuwa mweupe, ili jicho lichukue kazi ya kidole. Wengine husema jicho lililozoezwa huanza kuhisi, na sioni sababu ya kuwakadhibisha. Mwaka 2024 ilitoka roboti yenye ala zinazopima nguvu ya kuvuta na kuirudisha mkononi, na pengine kizazi kijacho kitashangaa kwamba babu zao walishona kwa macho.

Ule mkono wa pili uliokuwa ukizuia kosa nao umetafutiwa badala. Viti viwili huunganishwa na roboti moja, mwalimu katika kimoja na mwanafunzi katika kingine, wote wakiiona picha ile ile, na kwa kubonyeza tu mwalimu huzichukua ala kutoka kwa mwanafunzi. Ni namna ya kiwiko kile cha zamani, isipokuwa hiki hakimwachi mwanafunzi na mchubuko. Kabla ya kukikaribia kiti hicho mwanagenzi huwa amesimama kando ya mgonjwa kazi nyingi, akibadilisha ala, akimwaga barafu, na akijizoeza kuiondoa roboti kwa haraka ili tumbo lifunguliwe kwa mkono iwapo damu itashinda. Zoezi hili la mwisho ndilo ninalolihofia. Wapasuaji walioanzisha sanaa hii walikuwa wameshona mamia ya mishipa katika majeraha ya wazi kabla ya kuona roboti. Wanafunzi wao wanazidi kuja moja kwa moja kutoka kwenye mashine ya kuigiza, na siku roboti itakapoondolewa kwa dharura watatakiwa kufanya kwa vidole kazi ambayo vidole vyao havikuifanya sana.

Ulaya iliifuata njia ya Detroit na Gurgaon mwaka 2015, ikianzia Toulouse na Barcelona, na Alberto Breda wa Barcelona akazikusanya hospitali nane zilizotoa hesabu ya wagonjwa 120 mwaka 2018. Miaka miwili baadaye kundi lao lilitangaza kwamba mpasuaji huhitaji kazi zisizopungua 35 ndipo dakika zake, madhara yake na matokeo ya figo zake yatulie. Ni idadi ya kuisoma kwa hadhari. Haina maana kwamba wagonjwa 34 wa mwanzo hutolewa kafara, maana nyuma yao husimama mwalimu, barafu na majedwali. Lakini ina maana kwamba gharama ya kujifunza, ambayo Carrel aliilipa kwa kitambaa na Murray kwa mbwa na maiti, haijaondoka kabisa mwilini mwa mgonjwa, na mgonjwa ana haki ya kuambiwa yeye ni wa ngapi.

Kwetu Afrika Mashariki idadi hiyo ina uzito wa namna nyingine. Kwa miaka mingi wagonjwa wetu walipelekwa India, mpaka Novemba 2017 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilipopandikiza figo ya kwanza nchini Tanzania, mabingwa kutoka hospitali ya BLK ya New Delhi wakisimama meza moja na wapasuaji wa Dar es Salaam. Mwaka uliofuata Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafanya hivyo pamoja na Wajapani wa Tokushukai. Ulikuwa uanagenzi wa jadi, wa jeraha la wazi na mikono minne, na ulifaa. Mwaka 2023 Marescaux, yule wa Strasbourg, akafungua Kigali tawi la chuo chake cha upasuaji wa matundu, lenye kumbi za mazoezi ambazo hapo awali kijana wa kwetu alizifuata Ulaya. Hivyo mahali pa kukosea pasipo kumwumiza mtu pamekwisha kupatikana karibu. Palipobaki pagumu ni hatua ya pili, kwani hospitali ipandikizayo figo chache kwa mwezi, nazo zikagawanywa baina ya wapasuaji kadhaa, itakula miaka kumfikisha mmoja wao kazi ya 35, na baina ya kazi moja na nyingine mkono utakuwa umepoa. Kila serikali itashawishiwa kununua roboti yake na kuizindua kwa utepe. Shauri langu ni kinyume cha hilo: roboti moja ya figo kwa nchi zote za Jumuiya ya Afrika Mashariki, wapasuaji wawili au watatu waliokwisha kukomaa katika jeraha la wazi, na wagonjwa wapelekwe kwao kutoka Kampala, Bujumbura, Nairobi na Dodoma, kama walivyokuwa wakipelekwa Delhi na Chennai, kwa nauli iliyo ndogo zaidi.